Mahali Palipokaza

Pruszków, Januari, alfajiri bado ina giza.
Theluji imetufuata viatuni hadi ndani
na ukumbi wa mbio haujapata joto.
Nimeipandisha baiskeli juu ya kiegemeo,
ndefu kama ngazi, viti viwili,
breki hakuna, furiwili hakuna:
gurudumu likizunguka, miguu nayo izunguke,
yangu mbele, yake nyuma,
tupende tusipende.

Bogumiła anavua glavu moja tu.
Macho yake yalizimika akiwa na miaka tisa
na hataki mtu ayataje kwa sauti ya msiba.
"Zungusha," ananiambia. "Polepole. Na usiongee."

Nazungusha pedali kwa mkono.
Anaweka kidole juu ya mnyororo,
katikati ya sahani ya meno na gia ya nyuma,
anabonyeza, anaachia,
vile anavyobonyeza mkate dukani
kujua kama ni wa leo au wa jana.

Umelegea. Unacheza vidole viwili.
Mnyororo kama huu ukiruka meno
pale konani, njia iliposimama kama ukuta,
gurudumu hujifunga ghafla
na mbao za msonobari huandika juu ya ngozi.
Mimi nimeandikwa begani: Aprili, mwaka juzi.
Yeye nyongani.
Hatujawahi kuulizana nani alikaza nati siku ile.

Nachukua spana.
Nalegeza kulia, navuta gurudumu nyuma kidogo, nakaza;
nalegeza kushoto, nalinyoosha, nakaza;
kulia tena, kushoto tena,
kama mtu anayesogeza kabati zito peke yake,
mguu huu, kisha mguu ule, bila kuamsha majirani.

"Sasa umeubana," anasema.
Sijaona kitu. Yeye amesikia:
katika kila mzunguko kuna mguno,
mmoja, mfupi, mahali pale pale.
Sikio halipiti kichwa, walisema,
lakini la Bogumiła lilishatangulia.
Hakuna sahani iliyo duara kamili.
Kila moja ina upande wake wa ukaidi,
na mnyororo ukifika hapo hujikaza kama taya.

Kamba, tunajua, hukatikia pembamba.
Mnyororo hauna habari na methali hiyo.
Wenyewe huugua panapokaza:
hauruki, hauanguki, haukuangushi,
unakula beringi kimya kimya,
unakula meno, unakula magoti,
na wewe unadhani umezeeka.

Nalegeza skrubu tano, nusu nusu.
Nagonga sahani kwa mpini wa nyundo,
taratibu, pale inaposhika.
Tok. Zungusha. Tok.
Mafuta yameniingia kwenye kucha,
na labda ni baridi, labda ni ile tok,
mdomo wangu unafunguka wenyewe:

"Aprili ile. Nati ya kushoto. Nilikuwa mimi."

Hageuki. Angegeuka kutazama nini?
"Najua," anasema.
"Spana yako hulia mara tatu, Kinga.
Siku ile ililia mara mbili."

Miezi ishirini na moja!
Miezi ishirini na moja amekaa nyuma ya mgongo wangu,
akisukuma ninaposukuma,
akiinama ninapoinama,
na ile sauti ya tatu, isiyolia, ikiwa sikioni mwake.
"Mbona ulipanda?" nauliza.
"Mbona hukusema?"

Kidole kimerudi kwenye mnyororo.
Juu, chini. Upana wa ukucha, basi.
"Zungusha."

Nazungusha. Mzunguko mzima anaunyamazia.
Pale panapokaza panapita chini ya kidole chake
na hapatoi mguno.
Anafuta mafuta kwenye suruali yangu, si yake.

Kisha nakaza nati ya kushoto.
Spana inalia mara moja,
mara mbili.
Amesimama, kichwa kimeinama upande,
glavu mkononi, anangoja.